Mjadala Juu ya Somo la Mjadala

Mintarafu ya kufundisha Kiingereza katika shule za sekondari, walimu wa Tanzania wamegawanyika mafungu mawili ambayo husalimiana kila siku na kushauriana kwa nadra. Fungu moja hushika kwamba lugha hujengwa kwa sarufi, imla na insha, na kwamba mwanafunzi asiyeweza kuandika sentensi iliyo sahihi hana haja ya kuharakishwa kuisema. Fungu la pili hushika kwamba lugha isiyosemwa haijamilikiwa, na kwamba darasa ambalo mwalimu peke yake hunena, aghalabu anayejifunza humo ni mwalimu. Ili hoja za pande zote mbili zipimwe kwa insafu, nimeziweka hapa katika vinywa vya watu watatu wasio na majina, kwa kuwa hawasemi kwa nafsi zao bali kwa fikira zilizoenea: Maalim, aliyesomesha Kiingereza mjini Tanga mpaka akastaafu; Bibi Mwalimu, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ana Kidato cha Tatu mikononi mwake; na Kijana, aliyemaliza Kidato cha Nne na leo ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Suala lililo mbele yao ni hili: je, vipindi viwili vya mfululizo kila juma, yaani dakika 80, vitengwe kwa somo la mjadala, na vikitengwa, somo hilo liandaliwe vipi?

MAALIM: Mwanangu, mimi siuchukii mjadala, kwani nimekulia barazani na naujua utamu wa hoja inapojibiwa kwa hoja. Ninachochukia ni kupoteza wakati wa watoto wa maskini. Mwaka 1984 wachunguzi wawili, Criper na Dodd, walikipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona kwamba hata katika Kidato cha Nne ni kama sehemu moja ya kumi tu waliofikia kiwango ambacho mtu angetaraji ndipo masomo yaanze kutolewa kwa lugha hiyo. Nami niliyekuwa pamoja nao madarasani naweza kutoa ushahidi kwamba walio wengi waliandika yaliyo ubaoni bila ya kuyafahamu. Kumwambia mtoto wa hali hiyo asimame ajadili kwa Kiingereza ni kumtuma sokoni bila fedha, kisha kumlaumu kwa kurudi na kikapu kitupu.

BIBI MWALIMU: Maalim, kwa taadhima yote niliyo nayo kwako, taarifa hiyo ni dalili yangu kabla haijawa dalili yako. Wale waliopimwa mwaka 1984 hawakuharibiwa na mijadala, kwa kuwa hawakuwa nayo katika vipindi vyao. Walilelewa kwa imla, kwa kujaza nafasi zilizo wazi na kwa kuitikia pamoja kama wanaosoma dua. Kama njia hiyo pekee ingalifikisha, wangalifika.

MAALIM: Hawakufika kwa sababu nyingine unayoijua. Tangu mwaka 1967 mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kwa muda wa likizo moja hutakiwa awe Mwingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta iliyasema hayo bayana mwaka 1982, ikashauri masomo ya sekondari nayo yaanze kutolewa kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Shauri hilo halikutekelezwa. Sasa wewe wataka kutibu kwa mazungumzo ya dakika 80 maradhi ambayo dawa yake ilikataliwa na wakubwa.

BIBI MWALIMU: Hilo ni la wenye mamlaka, nami sina kalamu yao. La kwangu ni kwamba Jumatatu saa mbili asubuhi nitaingia katika mkondo wenye wanafunzi 60, na nchi ikiamua leo au isipoamua, hao 60 watakuwa wananitazama. Tena Makweta hakusema Kiingereza kisifundishwe. Na siku Kiingereza kitakapobaki kuwa somo tu, ndipo kitakapohitaji zaidi kufundishwa vizuri, kwa maana mtoto hatakuwa na saa nyingine ya kukisikia.

KIJANA: Naomba idhini niseme, Maalim, kwa kuwa ninyi nyote wawili mwazungumza habari zangu. Mimi nilikaa dawati la nyuma miaka minne na sikupata kujibu swali la Kiingereza kwa hiari yangu hata mara moja, na si kwamba sikuwa na la kusema. Mwalimu aliuliza, nikawaza jibu kwa Kiswahili, nikaanza kulitafutia maneno, na kabla sijapata kitenzi, mmoja wa wale watatu wa mbele alikuwa amekwisha kujibu, amesifiwa, na swali jingine limeletwa. Kwa hiyo mimi nikajulikana kuwa mzito, na baada ya mwaka mmoja nikasadiki kuwa ni mzito kweli.

BIBI MWALIMU: Jambo hilo lina vipimo vyake. Marekani alikuwako mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, Mary Budd Rowe, ambaye mwaka 1974 alieleza kwamba mwalimu akisha kuuliza hungoja takriban sekunde moja tu kabla ya kumwita mtu mwingine au kujijibu mwenyewe. Na kwamba akijizuia hata sekunde tatu au zaidi, majibu huwa marefu na waliozoea kunyamaza huanza kusema. Na hao walikuwa watoto wanaojibu kwa lugha ya mama zao. Basi huyu wetu, anayevuka kutoka lugha moja hadi nyingine kabla ya kufungua kinywa, anahitaji muda gani? Ndiyo maana nasema kwamba andalio la somo la mjadala huanza kwa kuandika, mbele ya kila swali, muda ambao mwalimu atafunga kinywa chake.

MAALIM: Kungoja nakubali, nalo halina gharama. Lakini usinifiche hesabu. Najua habari za shule ya Phillips Exeter huko Marekani, ambayo mwaka 1930 tajiri Edward Harkness aliitolea mali ili wanafunzi kama 12 wakae pamoja na mwalimu wao kuzunguka meza moja ya duaradufu na kujadiliana kila somo. Mpango mwema ajabu, kwa wenye Harkness. Wewe una 60, madawati yaliyopangwa safu kama mikeka ya msikitini, na ukuta ambao mwalimu wa hesabu wa upande wa pili atakusikia ukikohoa. Ukigawanya dakika 80 kwa vinywa 60, kila mtoto apata dakika moja na sehemu ya tatu, na hapo wewe hujasema hata salamu.

BIBI MWALIMU: Hesabu hiyo ni sahihi ikiwa atasema mmoja na 59 wasikilize. Lakini wa dawati la mbele wakigeuka nyuma, ninapata makundi kumi ya watu sita bila kuhamisha hata dawati moja, na kwa wakati mmoja vinywa kumi vinasema badala ya kimoja. Kelele nimezifikiria: nitaomba vipindi vya mwisho kabla ya kutoka, na siku za kiangazi nitawapeleka chini ya mwembe. Isitoshe, sitaki kuanza na makundi. Dakika tano za mwanzo kila mmoja ataandika msimamo wake katika mistari miwili, peke yake na kimya; dakika kumi atamsomea jirani yake wa dawati; dakika 25 watazungumza makundi ya sita; dakika 20 makundi yatasikilizana mbele ya darasa zima; na dakika 20 za mwisho kila mmoja atarudi kwenye daftari na kuandika aya moja ya msimamo wake, uliobaki kama ulivyokuwa au uliogeuka, akitaja hoja ya mtu mwingine aliyoisikia siku ile. Kijana huyu angefika katika kundi akiwa amekwisha kuandika na amekwisha kusema mara moja mbele ya mtu mmoja asiyemtisha.

KIJANA: Ningesema. Ila wale watatu wa mbele wangegawanyika makundi matatu, na kila mmoja angekuwa sultani wa kundi lake.

BIBI MWALIMU: Hao nimewaandalia komwe. Kila mwanafunzi atapewa mbili, zile zile za kuchezea bao, na kila asemapo ataweka moja katikati. Aliyemaliza zake atasikiliza mpaka wenziwe wamalize zao. Msemaji hodari atajifunza kuchagua lini aseme, jambo ambalo fasaha wengi hawalijui, na mnyamavu ataona komwe zake mbili zimebaki mkononi na wote wanamngoja. Tena kila kundi litakuwa na mwenyekiti wa kugawa zamu, na karani wa kuandika hoja. Na mtoa habari mbele ya darasa atapatikana kwa kura, ili kundi lote liwe na haja ya kumwandaa yeyote.

MAALIM: Sasa nieleze watajadili nini, kwa maana hapo ndipo nilipoona fedheha nyingi zaidi. Miaka yote ya kazi yangu, mada zilikuwa zile zile: mwalimu ni bora kuliko mkulima, elimu ni bora kuliko fedha, maisha ya mjini ni bora kuliko ya shamba. Wanafunzi wanne walikariri hotuba zilizoandikwa na kaka zao, wakatoa salamu ndefu kwa mwenyekiti, mtunza saa na hadhira tukufu, wakapigiwa makofi, na 56 waliobaki walikuwa wamekwenda kupunga upepo.

BIBI MWALIMU: Nakuunga mkono, na mada za namna hiyo sizitaki. Mkulima na mwalimu hakuna ajuaye wapimwe kwa kipimo gani, kwa hiyo mtoto hana la kufikiri ila kusifu upande aliopewa. Swali la mjadala sharti liwe na masharti matatu: watu wenye akili timamu waweze kuhitilafiana juu yake, jibu lake lipatikane kwa kurejea maandishi waliyoyasoma wote, na mtoto awe na jambo la maisha yake la kulipima kwalo. Chukua tamthilia ya Wole Soyinka, *The Lion and the Jewel*, ambayo kwa muda mrefu imesomwa katika vidato vyetu. Lakunle, mwalimu wa shule kijijini Ilujinle, ampenda Sidi na yu tayari kumwoa, lakini akataa katakata kulipa mahari kwa kuwa aiona ni desturi ya kishenzi; Sidi naye asema bila mahari hakuna ndoa, kwani watu watamcheka na kumdhania kwamba hana thamani. Sitawauliza kama mahari ni njema au mbaya. Nitawauliza: kati ya Lakunle anayekataa kulipa na Sidi anayedai alipwe, ni yupi anayeilinda zaidi heshima ya Sidi?

MAALIM: Hm. Hilo si swali la kitoto. Hapa kwetu mtoto atakwambia mara moja kwamba kwa sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe, huingia mkononi mwake na si mkononi mwa babaye. Na mwingine, ambaye jamaa zake ni wa bara, atasema kwao ng'ombe huenda kwa wazee. Hapo watauliza: na kule Ilujinle, je, ni nani hupokea?

BIBI MWALIMU: Na wakisha kuuliza hivyo wamefungua kitabu bila mimi kuwaamuru. Mmoja atasema Lakunle hamheshimu Sidi bali aheshimu vitabu vyake. Mwingine atakumbusha kwamba mwisho wa mchezo Sidi aolewa na mzee Baroka, mtawala wa kijiji aliyekwisha kuwa na wake wengi, na atauliza kama yule mwenye kudai heshima aliipata. Mimi sitasema lililo langu. Katika andalio nitaandika maswali matatu tu ya kuokolea, ya kutolewa kwa kundi litakalokwama, na sitayatoa kwa kundi linalokwenda.

MAALIM: Vizuri. Lakini bado kikapu kitupu. Mawazo hayo yote mtoto anayo kwa Kiswahili.

KIJANA: Maalim amesema kweli, na niongeze. Bandarini napigiwa simu na mawakala wa meli wasiojua neno la Kiswahili, tukabishana juu ya makasha yaliyokawia na ni nani alipe ushuru wa kukawia. Majina ya vitu nilikuwa nayo, na nyakati za vitenzi Maalim alinipiga msasa nikazijua. Nisichokuwa nacho ni namna ya kupinga bila kutukana, namna ya kukubali nusu ya neno la mtu na kukataa nusu, namna ya kumwambia mtu arudie alilolisema kwa kuwa sikulifahamu, bila ya kuonekana mjinga. Hayo niliyaokota ofisini kwa aibu nyingi, na kumbe ni maneno machache mno.

BIBI MWALIMU: Ni machache, na ndiyo nitakayoyaandika ubaoni kabla ya somo na kuyaacha humo mpaka mwisho: mianzo sita au minane ya sentensi, ya kutoa rai, ya kutoa sababu, ya kukubali kwa sharti, ya kupinga kwa adabu, ya kuomba ufafanuzi na ya kurejea aliyosema mwenzio. Kwa somo hili la Sidi nitaongeza maneno kumi ya kitabu, waliyoyafanyia kazi tangu siku iliyotangulia pamoja na kurasa mbili za kusoma. Nitaweka na kanuni moja, kwamba mbele ya darasa hakuna ajibuye kabla hajalieleza kwanza neno la aliyemtangulia mpaka mwenyewe akiri kuwa ndilo. Hiyo hulazimisha kusikiliza, na humpa mnyonge sentensi ya kuanzia ambayo tayari ameisikia.

MAALIM: Na Kiswahili? Sema wazi, maana mlango huu ukifunguliwa kidogo, somo zima litatokea humo.

BIBI MWALIMU: Nitaufungua kwa saa. Dakika 15 za mwanzo, za kuandika na za jirani, Kiswahili kina ruhusa. Tangu makundi yaanze ni Kiingereza, na aliyekosa neno humwuliza karani kwa Kiswahili, naye huliandika pembeni ili tulitafute sote. Vibao vya kutisha mlangoni na adhabu kwa aliyeteleza sitavitumia. Adhabu hizo zimetufundisha ufundi mmoja tu, wa kunyamaza.

MAALIM: Hapo tutahitilafiana mpaka kiyama. Mimi nasema mtoto akisha kuonja urahisi hatarudi kwenye taabu, na dakika zako 15 zitakuwa 40 kabla ya mwezi kwisha. Lakini sawa, weka hesabu yako, nami nitakuuliza baada ya muhula. Nina moja ambalo sitalilegeza: makosa. Wakisema ovyo dakika 45 na wewe unatabasamu, wayazoea makosa yao na kuyapenda.

BIBI MWALIMU: Sitatabasamu, nitaandika. Nikizunguka kati ya makundi nitakuwa na daftari, na kila kosa linalokaririwa na wengi nitalinukuu bila jina la mtu. Katikati ya hoja simkatizi msemaji, kwa sababu ukimrekebisha kitenzi humpotezea fikira. Lakini kipindi cha sarufi kinachofuata kitaanza kwa makosa matatu yaliyotoka vinywani mwao wenyewe. Nadhani hapo sarufi itasikilizwa kuliko ilivyosikilizwa zamani, kwa maana kila mmoja atajua kwamba kosa lile alilihitaji jana.

MAALIM: Hilo nalichukua, na natamani lingalinijia mapema. La mwisho: mtihani. Mtihani wa taifa wa Kiingereza wa Kidato cha Nne ni wa kuandika. Mzazi hakuulizi mwanawe alisema nini; akuuliza amepata nini.

BIBI MWALIMU: Ni kweli, na hata jirani zetu wa Kenya, ambao karatasi yao ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wao wa taifa wa sekondari, hutenga alama 30 kati ya 60 kwa stadi za kusema, alama hizo nazo hutafutwa kwa kalamu. Kwa hiyo sikuuweka mjadala badala ya kuandika. Nimeuweka kabla yake. Mtahiniwa huulizwa juu ya vitabu alivyosoma, atoe hoja na kuithibitisha kwa mifano, na hiyo aya ya dakika 20 za mwisho ndiyo insha ya mtihani katika umbo lake dogo, yenye tofauti moja, kwamba mwandishi wake amekwisha kupingwa na kwa hiyo anajua wapi hoja yake ni dhaifu.

KIJANA: Nami ningeomba aya hizo zisahihishwe hata kama ni kumi kwa juma, kwa zamu. Mwanafunzi akiona hazisomwi, komwe zake atazichezea bao.

Basi hayo ndiyo majibizano, na mwenye kuyasoma ataona kwamba yalianza kwa suala la kuwa mjadala ufanywe au usifanywe, yakaishia kwa suala la namna ya kuuandaa, nalo ndilo suala lenye faida. Kwa rai yangu, Maalim ameshinda katika mambo mawili: kwamba mazungumzo yasiyotanguliwa na maneno ni dhuluma kwa walio dhaifu, na kwamba mazungumzo yasiyoishia katika maandishi yaliyosahihishwa hupeperuka. Bibi Mwalimu ameshinda katika jambo moja ambalo hayo mawili hulitegemea, nalo ni kwamba upungufu wa Kiingereza si sababu ya kumnyamazisha mtoto bali ni sababu ya kumwandalia kwa tafsili zaidi. Juu ya Kiswahili darasani hawakuafikiana, wala mimi siwezi kuwaamulia kwa maneno. Litaamuliwa na daftari la Bibi Mwalimu la muhula, likionyesha kama dakika 15 zilibaki 15.

Tena wasomaji wasidhani kwamba tunawaletea watoto wetu kitu kigeni. Watu ambao malumbano ya mashairi yamekuwa mchezo wa wenye akili tangu enzi za mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, na ambao Mathias Mnyampala aliwapa ngonjera ili wanafunzi wahojiane jukwaani, hawahitaji kufundishwa kupenda hoja. Wanachohitaji ni saa iliyopangwa na lugha ya pili iliyowekwa karibu na mikono yao.

Kwa hiyo mkuu wa shule atakaye kujua kama somo la mjadala limeandaliwa kweli asitosheke na kuona mada nzuri juu ya karatasi. Na atafute humo swali ambalo mwalimu mwenyewe hana jibu lake moja, maneno ambayo mwanafunzi aliye wa mwisho atayatumia, zamu itakayomfikia, na dakika ambazo mwalimu amejiapisha kutosema. Pakikosekana hili la mwisho, andalio hilo ni la hotuba, na hotuba madarasa yetu yamekwisha kuwa nazo za kutosha.